Stensili yangu ya kwanza ukutani: mtoto, mtungi na visiwa tisa

Juma la 1

Ukuta nimepata. Ni ubavu wa duka la jirani hapa Majengo, Mombasa, plasta ya saruji, kama mita mbili kwa mbili, na mwenyewe amenipa kwa sharti moja: "Usinichoree siasa." Nikamwambia nitamchorea maji. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema haya.

Mji wa Kale sikuugusa hata kwa mawazo. Kuta zile za matumbawe na chokaa zina wenyewe wa kuzitunza, tena tangu 2018 kaunti iliagiza majengo ya huko na ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Huko sina la kuongeza.

Ugonjwa huu wa kuchora kuta nimeupata kwa Banksy, yule mchoraji wa Bristol, Uingereza, ambaye amechora kuta za watu miaka yote hii bila kujitokeza kusema "ni mimi". Alianza kwa kuchora kwa mkono, akawa mzito, hamalizi kabla askari hawajafika. Mwenyewe amesimulia kwamba akiwa na miaka 18 walikurupushwa usiku wakichora behewa la treni. Wenziwe wakatoka mbio, yeye akajibanza chini ya lori, mafuta yakimdondokea, na alipoinua macho akaona herufi za stensili, zile zinazopakwa kupitia matundu yaliyokatwa, kwenye tangi la lori lile. Akaamua hapo hapo kwamba hii ndiyo njia: kazi ngumu unaifanyia nyumbani, ukutani unapuliza na kuondoka. Mimi sikimbizwi na mtu, lakini nina kazi ya mchana na jua la Mombasa, kwa hivyo kasi naihitaji vilevile.

Juma la 2

Nimepoteza siku nne kwa kunakili. Nilichukua ile picha yake ya msichana na puto, aliyoipuliza London mwaka 2002, nikaichora upya kwenye karatasi ya manila nikiona nimefanya jambo. Jirani yetu Bi Mkubwa akapita, nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo nini hii?"

"Mtoto, puto lake limempeperuka."

Akaitazama, akanitazama na mimi. "Puto! Hapa mtoto analilia puto siku ya idi. Siku nyingine zote analia nini?"

Kisha akaenda zake na mahamri yake. Nilikaa na lile swali mpaka magharibi, wakati mkokoteni wa maji ulipopita na mitungi yake ya njano, ya lita ishirini ishirini, na watoto wakatumwa mbio na sarafu mkononi. Basi. Mtoto ni yule yule, mkono ule ule umenyooshwa juu, ila kinachopaa ni mtungi.

Kilichonifungua macho zaidi ni kanga. Bi Mkubwa siku ile alijifunga moja iliyoandikwa "Mdhaniaye siye kumbe ndiye", na mtaa mzima ulikuwa ukijiuliza anaambiwa nani. Kanga ina pindo, ina mji, ile sehemu ya katikati, halafu ina jina, yale maneno. Aliyeyatunga hajulikani, aliyeyavaa hajasema kitu, na aliyelengwa hawezi kuuliza bila kujifichua. Mama zetu walikuwa wakipeleka ujumbe usio na mwenyewe kabla Banksy hajazaliwa. Nikaamua ukuta wangu niupange kama kanga: pindo pembeni, mtoto na mtungi ndio mji, na chini jina. Nimechagua "JAPO SIPATI TAMAA SIKATI". Kila mtu hapa analijua, si lazima nimfafanulie mtu.

Juma la 3 na la 4

Hapa ndipo nilipojifunza kazi. Kwenye stensili, kila sehemu iliyozungukwa na tundu ni kisiwa. Ukikata duara la ndani ya O pande zote, linadondoka sakafuni na O yako inakuwa shimo la mviringo. Lazima uache daraja, kijiti chembamba cha kushikilia kisiwa na bara. Mtu wa Mombasa haya hahitaji kufundishwa: Nyali kuna daraja watu wanapita, Likoni unangoja feri.

Jina la ukuta wangu lina visiwa tisa. Nimehesabu: JAPO vitatu, SIPATI viwili, TAMAA vitatu, SIKATI kimoja. A ya kwanza niliipa daraja moja jembamba juu, ikapinda nilipoigusa. Sasa kila A ina madaraja mawili ya upana wa njiti mbili za kiberiti, moja kila ubavu, na kwa mbali yanaonekana kama urembo tu.

Manila nayo ilinishinda. Unyevu wa huku unailegeza, na ikinyonya rangi mara mbili inakuwa kama chapati ya jana. Fundi mmoja wa mabango akanishauri nitumie filamu za eksirei. Unailoweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, ule weusi unasuguliwa unatoka, inabaki plastiki safi inayokatika vizuri kwa kisu cha karatasi na hailewi rangi. Nyumbani zilikuwako tatu, za goti la mama. Nilimwomba ruhusa. Alinipa, lakini sasa kila mgeni akija anaambiwa kuwa goti lake liko barabarani.

Usiku wakati wa kukata narudi kuzitazama picha za Port Talbot, mji wa kiwanda cha chuma kule Wales. Desemba 2018 Banksy alichora kwenye kona ya gereji. Upande mmoja mtoto amefungua mikono na kutoa ulimi, anadaka theluji. Unafurahi naye. Ukizunguka kona unakuta pipa la taka linawaka moto, na theluji yote ile kumbe ni majivu. Hakuna neno hata moja lililoandikwa, kona ndiyo inayosema. Hii naihusudu kuliko kile kisa cha mnada, cha Oktoba 2018 London, ambapo nakala ya msichana na puto iliuzwa zaidi ya pauni milioni moja ikaanza kujikata ndani ya fremu yake papo hapo, ikakwamia nusu, na miaka mitatu baadaye ile iliyochanika ikauzwa zaidi ya pauni milioni 18. Mnada ulicheka, lakini nani alichekwa, hapo sina hakika.

Juma la 5

Majaribio uani, juu ya gunia la saruji lililopasuliwa. Mawili ya kukumbuka. Kwanza, nilikuwa nasogeza kopo karibu mno na rangi inachuruzika chini ya filamu. Upana wa shubiri moja na nusu unatosha, na unapuliza kidogo kidogo mara tatu badala ya mara moja kwa pupa. Pili, kusi. Saa nne asubuhi upepo ulininyanyulia stensili kama tanga, mtoto wangu akapata masikio mawili upande mmoja. Kuanzia sasa ni alfajiri tu, na kokoto ndani ya soksi kuzibana kingo.

Juma la 6: ukutani

Nilifika baada ya swala ya alfajiri. Juzi yake nilikuwa nimeusugua ukuta kwa brashi ya waya, maana saruji ya huku hutoa chumvi na rangi hubanduka nayo, kisha nikapaka nyeupe ya maji mara mbili. Pindo nimeliweka buluu. Mtoto mweusi, mtungi njano, hiyo ndiyo rangi pekee inayong'aa.

Niliwaza kufanya kwa siri kidogo, nipate ladha yake. Majengo hakuna siri. Sijamaliza mguu wa kwanza, muuza kahawa ameshanimiminia kikombe na watoto watatu wameshika soksi za kokoto bila kuombwa. Dakika arobaini na tano kwa jumla. T ya pili imevuja kidogo, na daraja moja la A ya TAMAA lilikatika nikalirudisha kwa selotepu, ukijua utaliona. Sikuweka sahihi.

Bi Mkubwa alipita saa mbili. Alisimama muda, akasoma kwa sauti ndogo, akasema, "Sasa huyu namjua." Hakuniuliza ni mtoto wa nani.

Juma la 8

Asubuhi ya tatu nilikuta mtu ameandika kwa mkaa kando ya mtungi: 30/=. Mwenye duka alitaka nifute, nikamwomba tungoje. Wiki iliyofuata mabomba yalikauka siku tano mfululizo. Nilipopita, ile 30 ilikuwa imekatwa kwa mstari na juu yake pameandikwa 50/=, mwandiko mwingine kabisa. Jana imekatwa tena, imerudi 30. Nimeuliza mtaa mzima, hakuna aliyeona mtu.