Kisangani kwa mtu wa Kisumu: nilivyouzoea mji wa mto

Kabla ya kusafiri niliuliza-uliza hapa Kisumu, na kila mtu alikuwa na jibu lake: vita, nyoka, ebola. Hakuna aliyenieleza nitalala wapi, nitakula nini wala nitazungukaje. Dada yangu ameolewa Kisangani, mji wa Kongo (DRC), mimi nauza samaki Dunga, ufuko wa hapa Kisumu, na nilitaka kumwona na kurudi salama bila kumaliza mtaji. Kwa hivyo naandika yale ambayo mimi mwenyewe nilikosa mtu wa kuniambia.

Njia kwanza, maana ramani inashawishi vibaya. Kisangani iko magharibi yetu, karibu na ikweta kama sisi, na ukiitazama unaona upande tu basi Busia, ufike Kampala, uvuke mpaka wa Kongo pale Kasindi na kuendelea. Barabara hiyo inapita Beni na Mambasa, ambako waasi wameua watu miaka mingi, na shemeji alinikataza katakata. Nilipanda ndege Nairobi hadi Kinshasa, kisha nyingine ya ndani ikanirudisha mashariki. Ni kama kupitia Mombasa ili ufike Kakamega, lakini ndiyo njia ya mtu mwenye watoto. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa, na cheti huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo usingoje wiki ya safari. Chandarua nilibeba changu.

Pesa ni faranga ya Kongo na dola ya Marekani, zote mbili zinatembea sokoni. Dola ikaguliwe hapa nyumbani kabla hujaikubali. Mama mmoja mwenye meza ya kubadilisha pesa aliinua noti yangu ya 20 juani, akapitisha ukucha pembeni polepole, akafika kwenye mpasuko ambao mimi hata sikuwa nauona, akanirudishia bila kusema neno. Nilimpa nyingine. Hiyo akaikunja, akaikunjua, akaitia kwenye mkoba. Ile iliyopasuka nilirudi nayo Kisumu.

Sasa mji wenyewe. Asubuhi ya kwanza shemeji hakunipeleka sokoni wala kwa jamaa zake. Alinipeleka ukingoni, karibu na kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, akanisimamisha nitazame mto.

"Shemeji, kushoto kwako ni juu, maji yanakotoka. Kulia ni chini, kunakoendwa Kinshasa. Mbele, ng'ambo ile, ni Lubunga. Nyuma yako ni Makiso, katikati ya mji, na soko. Basi, mji umekwisha kuujua."

Nilidhani ananitania, lakini tangu hapo sikupotea. Nikiwa popote niliuliza mto uko upande gani, nikajipanga upya.

Akanieleza pia kwa nini mji uko pale. Meli kutoka Kinshasa hupanda mto kiasi cha kilomita 1,700, na Kisangani ndipo zinapogota. Mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotandazwa kwenye kilomita 100 hivi, na hakuna chombo kinachoyapanda. Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 ng'ambo ile, kutoka mkabala wa mji hadi Ubundu, ili mizigo iyazunguke maporomoko na kupakiwa tena juu. Hapo nilielewa haraka kuliko mgeni wa kutoka mbali, kwa sababu Kisumu ilizaliwa hivyohivyo kwa kinyume: reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, ikaishia majini, na mizigo ikahamia kwenye meli. Kwao chombo kiligota, reli ikaanzia hapo.

Poromoko la mwisho liko upande wa juu wa mji, kwa Wagenya, jamii ya wavuvi wa mto, na kama una siku moja tu Kisangani, iende huko. Huingii hivihivi. Unapelekwa kwanza kwa mkuu wa kijiji, mnaketi, mnazungumza ada. Tulianza na bei ya mzungu. Shemeji akasema huyu ni dada wa mke wangu, naye anaishi kwa samaki kama nyinyi. Bei ikashuka, si sana. Kupiga picha kulihesabiwa mbali, na mjini vilevile nilikuwa naomba ruhusa kabla sijatoa simu, hasa penye daraja, bandari au askari.

Wavuvi wa Wagenya hawamfuati samaki. Wamesimika magogo marefu matatu-matatu kwenye mashimo ya mwamba katikati ya maji yanayochemka, wakayafunga kwa kamba za mitambaazi ya msituni, na kutoka kwenye magogo hayo wananing'iniza vikapu vyenye umbo la koni, vingine virefu kuliko mtu. Mdomo wa kikapu unaelekezwa kwenye mkondo. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani hadi kwenye ncha nyembamba, na akishafika hapo hageuki. Nilimtazama kijana akitembea juu ya gogo lililolowa, miguu mitupu, vidole vikishika kama mikono, akavuta kamba na wenzake watatu. Kikapu kilitoka kikitiririsha maji pande zote, na ndani mlikuwa na samaki mmoja. Walikirudisha majini bila kulalamika.

Mzee aliyekuwa ametukalia karibu akaniuliza, "Mama, na nyinyi kule mnatega wapi?"

Nikamwambia kwetu ni ziwa, hakuna mkondo wa namna hii. Omena, yaani dagaa, tunawavua usiku kwa taa, samaki wengine kwa nyavu.

"Maji yamesimama? Sasa samaki anawajia vipi?"

Nilicheka, lakini alikuwa anauliza kweli.

Pale sokoni nilikutana na mbuta, yaani sangara. Wao humwita kapiteni. Kwetu aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita na bado watu wanamlaumu kwa kuwala samaki wadogo. Kwenye mto Kongo yeye ni mwenyeji. Wanamla na lituma, ndizi zilizopondwa hadi zikashikana, na pondu, yaani kisamvu. Viwavi vilivyokaushwa nilionja kwa heshima ya mama mkwe wa dada.

Kuzunguka ni pikipiki, na baiskeli za abiria wanazoziita toleka, zenye kiti cha sponji nyuma. Mtu wa magharibi mwa Kenya aliyekua na boda za baiskeli hahitaji somo. Patana kwanza, kaa. Joto ndilo lilinichosha. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Kisangani karibu 400 tu, na mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Mizunguko yangu ilikuwa kabla ya saa nne asubuhi. Saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja.

Kiswahili kinatosha, kimo humo tangu enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19, kikichanganyika na Kilingala. Jambo moja tu niliambiwa nisilianzishe mezani: Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji huu, na raia wengi wakafa nyumbani mwao. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya miaka hiyo. Wenyeji wakitaka kusimulia watasimulia.

Wakati wa kurudi, usiunganishe ndege ya Kisangani na ya Nairobi siku moja. Yangu ya ndani iliahirishwa hadi kesho yake, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha siku mbili wazi Kinshasa, sikununua tiketi ya pili.