Linux ndogo ya mashine yetu ya gemu
Jamani mashine ya gemu ya nyumbani imewaka! Kabati limechongwa na fundi wa Bwaise, ndani kuna Raspberry Pi 3, kale kakompyuta ka bodi moja, yenye RAM ya GB 1 tu, ndo maana sikutaka kuiwekea mfumo mzima na madude ya printa na ofisi ambayo kwenye gemu hayana kazi. Nikachukua Buildroot, yaani zana inayokujengea Linux (mfumo endeshi) kuanzia sosi kodi na unachagua mwenyewe keneli (kiini cha mfumo), draiva za sauti, joistiki, halafu MAME, ile programu ya kuchezea gemu za zamani za kwenye makabati iliyotoka 1997, inafunguka yenyewe ukiwasha tu, hamna kulogin.

Raha yenyewe ni hii sasa, mfumo wote nimeufunga usomeke tu, hauandikiki, maana huku Kampala umeme unakatika wakati wowote na kadi ya memori yenye mfumo ikizimikiwa katikati ya kuandika mafaili yanaharibika. Skoo za watoto tu ndo zinaandikwa, kwenye patisheni yake pembeni, yaani sehemu ya kadi iliyotengwa. Umeme ukirudi inajiwakia yenyewe kama friji!

Kubuild mara ya kwanza kunakula masaa, na bando pia, so anza usiku na amri ya make source, inayodownload sosi kodi zote kwanza. Anayetaka konfigi yangu (faili la machaguo yangu ya Buildroot) aseme nimtumie.