Siku Moja Maishani Mwangu: Mkalimani wa Lugha ya Alama Chuoni, Moshi

Saa 11:00 alfajiri naamka, nasali, nachemsha chai na viazi vitamu vya watoto, napiga pasi shati. Mashati yangu yote ya kazi ni ya rangi moja tupu, nyepesi kuliko ngozi yangu, hayana maua wala mistari. Sivai pete, sivai bangili, kucha sipaki rangi. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama dhehebu letu limekataza mapambo. Hapana, mama. Mtu anayenisoma mikono kwa saa nzima mfululizo, bangili inayometameta inamuumiza macho na kumpotezea maneno.

Saa 12:30 nipo stendi ya Pasua, napanda haisi hadi mjini, kisha nyingine hadi chuoni. Saa 1:30 nafungua ofisi yetu ndogo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwenzangu wa nukta nundu ameshawasha mashine, anachapa kitini cha mwanafunzi asiyeona. Kurasa chache za wino zinageuka bunda la karatasi nene. Tunasalimiana, kila mtu anashika lake.

Wanafunzi wangu ni viziwi wawili wa mwaka wa pili, kijana na binti. Binti alisoma shule ya viziwi Mwanga, hapa hapa Kilimanjaro. Kijana alianzia Tabora, kwenye shule ya kwanza ya viziwi nchini, ile iliyofunguliwa 1963. Walipofika chuoni baadhi ya alama zao hazikufanana, hivyo muhula wa kwanza nilikuwa nakalimani huku nikiwapatanisha. Jina langu la alama kwao ni kidole cha shahada kinachogusa kidevu, kwa sababu nina kidoti hapo.

Saa 2:00 hadi saa 4:00 ni Takwimu. Mhadhiri huyu hutuma slaidi siku mbili kabla, huongea akiwa ametazama darasa, na anachokiandika ubaoni hukitamka. Kipindi kinakwisha bila mtu kuachwa nyuma.

Saa 4:15. Hapa ndipo siku ilipokaa.

Alikuja mgeni, mtaalamu wa mikopo kutoka nje ya chuo, kufundisha saa mbili. Nilimfuata mapema mlangoni. "Shikamoo, Daktari. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Naomba taa zisizimwe, na ukiongea utazame darasa." Akanijibu kwa upole kabisa, "Marahaba. Usijali dada, mimi siongei haraka." Nikauliza kama naweza kuziona slaidi. Akasema nitaziona ukutani pamoja na wengine.

Dakika tano hazijaisha, akazima taa na kuomba mapazia yafungwe ili projekta ionekane vizuri. Wanafunzi wenye kusikia hawakupoteza kitu. Wangu wawili walipoteza kila kitu, maana kwao mkono usioonekana ni sawa na mtu aliyefumba mdomo. Nikasogea mbele, nikaingia kwenye mwanga wa projekta ili angalau mikono imulikwe. Nyuma wakaanza: "Dada, unatuzibia!" Ni kweli nilikuwa nawazibia.

Binti akanyoosha mkono, nikatoa sauti: "Naomba taa iwashwe, sioni lugha."

Mgeni akanitazama mimi. "Wewe si unaona?"

"Aliyesema ni yeye, Daktari. Mimi namtolea sauti tu."

"Basi mwambie avumilie, dakika kumi tu."

Nikakalimani hivyo hivyo, avumilie, dakika kumi tu, bila kuongeza sukari wala kupunguza. Hiyo ndiyo kazi. Watu wengi hudhani mkalimani ni mlezi au msemaji wa kiziwi, kwamba nitawachujia maneno mabaya na kuwajibia maswali. Wakinitegemea hivyo chuoni watatoka na shahada yangu, si yao. Kijana akanyanyuka kimya, akaenda dirishani, akafungua pazia moja. Hakuna aliyelifunga tena.

Ikaja video isiyo na maandishi. Likaja neno la ukwasi, yaani urahisi wa kupata pesa taslimu pale zinapohitajika, ambalo kwa Kiingereza (liquidity) lina herufi tisa, na mgeni alilipenda. Alama yake hatukuwa nayo, kwa hiyo kila alipolitaja nililitamka kwa vidole, herufi moja moja, huku yeye akiwa ameshafika sentensi ya tatu mbele. Akaruhusu majadiliano, wanne wakaongea kwa pamoja. Nina mikono miwili tu, siwezi kuwakalimani wanne. Nikamchagua mmoja, nikawaeleza wanangu kwamba kuna wengine watatu wanaongea na siwapati.

Kwa desturi ya kazi hii, kipindi kirefu hukalimaniwa na watu wawili wanaopokezana kila dakika ishirini au thelathini, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono na maana huanza kudondoka. Mimi nipo peke yangu. Kufikia saa 5:30 bega la kulia lilikuwa linawaka moto hadi shingoni, na nilianza kuyasikia maneno ya mgeni kama kelele za sokoni, nikiyakamata kwa kuyalazimisha.

Kuna jambo ambalo wahadhiri wengi hawajalifikiria: kiziwi hawezi kunitazama na kuandika kwa wakati mmoja. Akiinamia daftari, amekosa sentensi mbili. Wanafunzi wawili wa darasa lile wamejitolea kuwapigia picha notisi zao na kuwatumia kwenye WhatsApp kila jioni. Hawalipwi, hawajaombwa na ofisi. Mungu awabariki.

Mwishoni binti akauliza: "Kama mkopaji hana ardhi, na kikundi kinamdhamini, benki inapima hatari ya nani, yake au ya kikundi?" Nilitoa sauti, mgeni akaniambia, "Swali zuri sana, dada." Nikamwonyesha kwa kiganja alipokaa mwenye swali. Hapo akageuka, akamtazama yeye kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamjibu kwa kirefu, uso kwa uso. Bega liliendelea kuuma, lakini nilisimama wima.

Mchana nilikula ndizi nyama kwa mama ntilie kwa mkono wa kushoto, halafu nikapita ofisi moja kuulizia barua yangu ya kuomba mkalimani wa pili. Nikajibiwa, "Lakini ni wawili tu, dada, na bajeti unaijua." Aliyenijibu si mtu mbaya. Ila Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 24 inaitaja elimu ya juu waziwazi. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki inaanza wakifika kumi. Nimeacha nakala nyingine ya barua.

Sikumbuki vizuri saa ngapi tulikwenda kwa mhadhiri wa insha. Kijana alikuwa amepata alama za sapu, yaani za kurudia mtihani, na pembeni kumeandikwa kwamba Kiingereza chake ni kibovu. Tukakaa watatu. Kijana akaeleza kwa mikono, mimi kwa sauti: lugha yake ya kwanza ni ya alama, Kiswahili alikikuta shuleni, Kiingereza ni ya tatu, na hajawahi kuisikia hata moja kati ya hizo mbili. Lugha ya alama ina sarufi yake. Aghalabu hutanguliza jambo lenyewe ndipo maelezo yafuate, na insha zake zimejengwa hivyo. Akaomba hoja zipimwe peke yake na sarufi peke yake. Mhadhiri alisoma ukurasa wa pili tena, akakaa kimya, akasema hoja ipo, ataipitia upya Ijumaa. Tutarudi Ijumaa.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipofika nyumbani. Binti yangu mkubwa alisonga ugali kwa sababu mkono ulikataa mwiko. Nikakanda bega kwa maji ya moto.

Saa 3 usiku tukapigiana simu ya video, sisi watatu, kutafuta alama ya ukwasi. Kijana akapendekeza alama ya pesa, kisha kiganja kinachotiririka. Binti akakataa, akasema inaonekana kama pesa zimepotea. Wakabishana, mikono ikijaa kwenye kioo kidogo cha simu. Mwisho wakakubaliana: alama ya pesa, kisha vidole vinavyofunguka upesi, kuonyesha kwamba inapatikana pale pale unapoihitaji. Mimi sina kura hapo, lugha ni yao. Nikaiandika kwenye daftari na tarehe, tukahamia kwenye dhamana ya mkopo. Yamebaki maneno kama kumi kabla ya testi ya Jumatatu.