Tairi moja lililozaa mengine matatu

Nilipohamia Ruai, mashariki mwa Nairobi, mwaka 2019, mtu wa kwanza kunishauri kuhusu gari alikuwa kijana wa bodaboda. Alinikuta nimeshuka matatu jioni ya mvua, viatu mkononi, suruali nimeikunja hadi magotini. Akasema, "Mzee, huku ni gambuti au Subaru."

Gambuti nilikuwa nazo. Baada ya miezi mitatu nikanunua Subaru Forester ya mwaka 2009, ile ambayo mafundi huiita SH5: injini ya lita 2 isiyo na tabo, giaboksi otomatiki ya gia 4, magurudumu yote manne yanavuta. Na sitasingizia matope peke yake. Nilikua enzi za Safari Rally ya Pasaka, na mwaka 1994 Ian Duncan aliposhinda kwa Toyota, sisi watoto tulikuwa tumeshikilia habari moja tu, kwamba Patrick Njiru amemaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza. Mambo kama hayo hukaa tumboni miaka 25 halafu yanakutolea pesa benki.

Mwaka wa kwanza sikuwa na malalamiko, ila ya petroli. Kwenye foleni ya asubuhi, gari lilinipa kilomita 8 kwa lita, wakati jirani yangu mwenye Vitz alikuwa akizungumzia 15 bila hata kuulizwa. Bei ya lita ilipopita shilingi 200 mwaka 2023 nilijifunza kupanda matatu siku mbili kwa wiki. Hilo nililitarajia. Sikutarajia kwamba ningepigwa na tairi.

Ilikuwa hivi. Usiku mmoja kwenye Barabara ya Kangundo niliingia shimo lililojaa maji, na tairi la mbele kushoto likapasuka ubavuni. Ubavu ukipasuka hakuna kiraka. Kesho yake nikaenda kwa wauza matairi, nikanunua moja jipya la saizi ileile, 215/65 R16, nikalipa 11,500, nikaenda zangu. Matatu yaliyobaki yalikuwa yamelika lakini bado yana meno, na kwa gari lolote nililowahi kuendesha hapo awali mambo yangeishia hapo.

Wiki ya tatu nikaanza kusikia kitu. Barabarani gari liko sawa. Lakini nikiingia maegesho ya chini ya jengo tunalofanyia kazi mjini, pale unapokata kona usukani umezungushwa hadi mwisho, gari lilikuwa linagoma. Si kuzima, ni kugoma: linashtuka, linaguna, kama mtu ameketi nyuma na kushikilia breki ya mkono. Nikinyoosha usukani linaachia, na kitu chini kinalia "dup".

Fundi wa kwanza alisikiliza dakika mbili akasema ni ekseli ya mbele. Akaibadilisha. Shilingi 14,000 pamoja na kazi. Nikatoka gereji, nikakata kona ya kwanza, dup.

Wa pili nilielekezwa kwake na mfanyakazi mwenzangu, huko Grogan, chini ya Barabara ya Kirinyaga, ambako spea na vyuma kuukuu vimepangwa hadi ukingoni mwa mto. Mzee wa makamo, mikono myeusi kwa oili. Hakufungua boneti. Alizunguka gari mara moja, akiinama kwenye kila tairi, kisha akamtuma kijana wake kwa mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Kijana akarudi na futi kamba ya kupimia nguo.

"Shika hapa," akaniambia. Tukaizungusha ile futi kamba kwenye tairi jipya, katikati ya meno. Sentimita 215 na nusu hivi. Tukahamia la mbele kulia, lile la zamani. Sentimita 212 na kitu.

"Umeona ugonjwa wa gari lako?"

Sikuona chochote. Sentimita 3 tu.

Akachukua chaki akaniandikia sakafuni. Tairi jipya lina meno ya kina cha milimita 8 hivi, la kwangu la zamani lilikuwa limebaki na 3. Duara ikipungua hivyo, tairi dogo linalazimika kuongeza mizunguko 7 katika kila kilomita ili liende sambamba na lile kubwa. Kutoka Ruai hadi mjini na kurudi ni mizunguko ya ziada mamia. Gari linalovuta mbele tu halijali sana, kwa sababu magurudumu ya nyuma yanajifuatia tu. Langu si hivyo. Nyuma ya giaboksi kuna kilachi chenye sahani nyingi zilizolowa oili, na kazi yake ni kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Mbele na nyuma zikikata kona, zikazunguka kwa mwendo tofauti kidogo, kilachi kinateleza kuruhusu tofauti hiyo. Ndiyo kazi yake. Lakini nilikuwa nimekipa tofauti ya saa zote, hata barabara ikiwa imenyooka kama rula. Kikawa kinateleza kutwa nzima, oili inachemka, sahani zinaanza kushikana. Kwa hiyo kona ilipokuja, hakikuweza tena kuachia.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akanipa ninuse. Ilipaswa kuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili, na ilinuka kama ugali ulioungua.

Nikamuuliza kama giaboksi imekufa. Akasema, "Bado. Lakini wewe ulikuwa unachimba kaburi."

Nikanunua matairi matatu zaidi ya aina ileile na lile jipya. Tukabadilisha oili ya giaboksi, nikaendesha siku chache, tukabadilisha tena, maana ukiimwaga mara moja nyingi hubaki ndani. Ile guna haikuisha siku hiyo. Ilipungua, ikapungua, na baada ya wiki mbili nilikata kona ya maegesho nikasikia kimya. Sikuwahi kufurahia kimya namna ile.

Tangu hapo nina desturi ambazo mke wangu huziita ibada. Kila kilomita 10,000 matairi yanabadilishana nafasi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ili yalike pamoja. Moja likipasuka wakati mengine yamelika nusu, sinunui jipya. Natafuta la mtumba la aina ileile lenye meno ya kina kilekile, na Nairobi halikosekani ukiwa na subira. Tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6 hivi. Lile gurudumu la akiba jembamba ni la kunifikisha kwa mziba pancha wa karibu, basi. Na siku betri ilipokufa kabisa na jamaa wa gari la kuvuta akataka kuninyanyua magurudumu ya mbele huku ya nyuma yakizunguka lami, nilikataa nikasubiri saa mbili hadi lilipokuja lori la kubeba gari zima mgongoni. Aliniona mtu wa maringo. Sawa tu.

Matope nayo yalikuwa na mambo yake. Udongo wetu mweusi kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na masika yakifika Machi unageuka gundi. Wenye magari madogo huacha magari yao kwenye lami na kutembea. Mimi nilikuwa nawapita, na labda nilikuwa nawapita kwa kiburi kidogo, hadi jioni moja ya Aprili nilipokwama mita 200 kutoka getini kwangu. Meno yalijaa udongo yakawa laini kama sahani, udongo ukajaa chini ya mabawa, gari likakalia tumbo. Magurudumu manne yote yanazunguka, na hatuendi popote. Vijana watano wakatokea gizani kana kwamba walikuwa wameitwa. "Buda, mia tano." Nikalipa. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, ndiye aliyenionyesha kitufe cha kuzima VDC, ile mitambo ya kuzuia gari lisiteleze, kwa sababu ilikuwa inakata nguvu kila gurudumu linapoteleza, na pale nilihitaji yateleze kidogo ili yajipanguse.

Na kitu kimoja huwa nakirudia kwa kila anayeniuliza kama anunue: gari hili litakupandisha mlima wa murami uliolowa, lakini kuteremka ni shauri lako. Breki za magurudumu manne hata Vitz inazo. Nilikaribia kuingia mtaroni nikijifunza hilo, mteremko mmoja mfupi wa kuelekea mtoni, mguu umekanyaga breki hadi mwisho na gari linaendelea tu kwa utulivu kama mtu anayekwenda dukani.

Mwezi uliopita tairi moja liliokota msumari mahali pabaya. Nilikwenda na futi kamba yangu mwenyewe, huwa inakaa kwenye dashibodi kando ya bima, nikaanza kupima matairi ya mtumba moja baada ya jingine. Kijana wa pale akacheka hadi akaita wenzake. "Mzee, unalishonea suti?"

Nikamwambia acheke, ila anishikie ncha ile nyingine.