Vile nilimukinga mutoto na mikrobe wakati wa shimio

Nimechoka na batu ya kuniambia "mupige lavema, homa itatoka", ni kusema maji ya dawa ya kuingiza nyuma. Mutoto akiwa ku shimio, ile dawa ya kansa, hapana! Hakuna lavema, hakuna supozitware (kidonge cha kuingiza nyuma), hakuna kumupima homa kule nyuma. Dawa ya kansa inaua pia chembe nyeupe za damu, zile zinapigana na mikrobe, na zinashuka sana sana kati ya siku ya 7 na ya 14 kisha ya shimio. Ukimukwaruza kidogo tu, mikrobe za choo zinaingia ku damu. Mama mukwe alikuwa amekwisha kuchemsha majani, mupira wa lavema uko mukononi, nikasimama ku mulango nikasema mama unisamehe, leo hapana. Alikasirika. Tukapima kwapani, 38 imepita, hatukumupa parasetamol ya kuficha homa, tukashuka Kadutu ya Bukavu usiku ule ule mpaka lopitali, akawekewa antibiotiki ya mushipa hata majibu ya damu hayajatoka. Leo anakimbia.

Lakini vita kubwa ilikuwa bageni. Kwetu mugonjwa lazima atembelewe, na utamunyimaje tantine mukono? Njo nikapata akili: nikatundika kabidoni ka litre 5 ku mulango, kamba imefungwa ku kamuti ka kukanyaga na muguu, maji inatoka bila kugusa kitu, sabuni inaning'inia ndani ya soksi. Kisha nikamupa mutoto mwenyewe kazi ya polisi wa mulango, na filimbi. Ukipita bila kunawa, anapiga! Anakuhesabia mpaka 20, polepole vile anapenda. Shefu wa avenue alirudishwa juu alisahau vidole gumba, na akarudi kunawa, nani atakasirikia mutoto? Mwenye kukohoa alisalimia ku dirisha.

Maji ya kunywa ni ya kuchemsha tu, makala inakula franga lakini utafanya nini. Matunda ya kumenya, muswaki laini, chandarua, na Bactrim yake, antibiotiki ya kumukinga, bila kuruka.

Ba chanjo bakija na matone ya polio, ongea kwanza na munganga wa mutoto, juu matone ile ina virusi hai, haifai kwake wala kwa ndugu zake ba nyumba moja. Na kama amecheza na mutoto mwenye tetekuwanga ao surua, usingojee vipele, piga simu siku ile ile, kuna dawa zinatolewa mapema.