Safari mbili za Kibong'oto

Jumatatu alfajiri nilipanda Coaster Arusha, nikashuka Bomang'ombe na kuunganisha gari la Sanya Juu. Mlima ulikuwa kulia kwetu, theluji wazi. Bodaboda akanifikisha Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu 1926. Mjomba alikuwa amelazwa huko. Miezi mitatu kabla ya hapo nililala naye chumba kimoja, akikohoa usiku kucha.

Nesi alinichoma tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu, ndani ya ngozi ya mkono wa kushoto, kikatoka kipele kama cha mbu. "Rudi keshokutwa, na usikune." Nilitamani jibu siku ile ile. Daktari akanieleza kwa nini haiwezekani, nami nikarudi Arusha nikiyawaza maneno yake njia nzima.

Seli T, moja ya seli za kinga ya mwili, haimtambui bakteria akiwa mzima. Kwenye pafu, makrofaji, seli nyingine ya kinga, humeza bakteria, huzikatakata protini zake, kisha hutundika vipande vyake nje, juu ya vishikio viitwavyo HLA. Seli T hupita zikipapasa, kila moja na kipokezi chake. Ile inayokuta kipande kinachoikaa sawasawa huzaliana, na hutoa ishara ya kemikali iitwayo interferoni-gama ya kumtia nguvu makrofaji apambane na alichomeza. Baadhi hubaki na kumbukumbu kwa miaka. Kama zangu zilishakutana na vipande hivyo, zingesafiri kwa damu hadi mkononi, na safari hiyo huchukua saa 48 hadi 72. Nilikuwa nazingoja.

Jumatano nesi hakushughulika na wekundu. Alipapasa pale palipokuwa pagumu, akachora kwa kalamu, akaweka rula: milimita 16. BCG, chanjo ya kifua kikuu, huweza kuchanganya kipimo hiki, kwani ina protini zilizomo pia kwenye tuberkulini. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu kinachotumia ESAT-6 na CFP-10, protini za bakteria wa kifua kikuu ambazo BCG haina kabisa. Lakini kwa mtu aliyelala na mgonjwa, daktari alisema, 16 zinatosha. Picha ya kifua ilikuwa safi. Nikaandikiwa dawa za kinga.

Mjomba alikuwa barazani, barakoa usoni. Aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu.

"Nimekuambukiza, mjomba?" akauliza.

"Ukitoka tutakula sahani moja," nikamwambia, nikakaa naye mpaka gari la mwisho la kushuka Bomang'ombe.