Mbuyu juu ya bahari iliyofukiwa

Jana binti yangu, midomo myekundu kwa ubuyu, aliniuliza: "Baba, mbuyu unaweza kuota baharini?" Nikamwambia upo mmoja, na nimewahi kusimama chini yake.

Ni Singapore, katika bustani za Gardens by the Bay, mchana ule mama yake alipokuwa mkutanoni. Nilishuka treni kituo cha Bayfront, nikatokea mlango B, nikafuata njia ya chini ya ardhi hadi daraja la Ziwa la Kereng'ende. Bustani za nje ni bure. Tiketi ni za majumba ya vioo.

Eneo lote lile lilikuwa bahari. Kazi ya kufukia bahari katika eneo hilo, liitwalo Marina, ilianza miaka ya 1970. Ukimwaga mchanga juu ya udongo laini wa baharini, udongo hubonyea taratibu huku maji yakikamuka, na huchukua miaka. Ukiharakisha kujenga, sakafu hupasuka na mabomba hukatika kwenye maungio, kwa kuwa upande mmoja hushuka kuliko mwingine. Kwa hiyo ardhi huachwa itulie, na majengo mazito husimamishwa juu ya nguzo zinazopenya hadi kwenye tabaka gumu. Mwaka 2008 lango la Marina Barrage lilizuia bahari, na ghuba iliyobaki ikageuka bwawa la maji yasiyo na chumvi. Sehemu kubwa ya bustani, Bay South yenye hekta 54, ilifunguliwa 2012.

Niliingia Flower Dome, mojawapo ya yale majumba ya vioo, nimelowa jasho, nikapokewa na ubaridi wa nyuzi 23 hivi. Beba sweta, hasa ukiwa na mtoto. Ubaridi unaanzia miguuni, maana maji baridi hupita kwenye mabomba ndani ya sakafu; hewa ya moto huachwa ipande juu na kutolewa nje, hivyo hawapozi jumba zima. Sehemu ya nishati hutokana na matawi yanayopogolewa mjini, yanachomwa, na moshi uliosafishwa hutokea kwenye mojawapo ya minara ya bustani yenye umbo la mti, inayoitwa Supertree.

Nilipopanda kidogo nikaikuta mibuyu. Mkubwa kuliko yote ulitoka Senegal, una uzito wa zaidi ya tani 32. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Gome lilikuwa lile lile la kijivu, lenye mikunjo ya ngozi ya tembo, na makovu pale matawi yalipokatwa. Juu yake majani mapya, mabichi kabisa, yakipokea mwanga uliochujwa na vioo. Mbuyu huvumilia kung'olewa kuliko miti mingi kwa sababu shina lake limejaa maji. Anga ya nje ya Singapore hunyesha mwaka mzima, nao umezoea kiangazi kirefu cha kupukutisha majani. Humo ndani wanautengenezea ukavu.

Niliuonea fahari, kisha huruma. Mti wa namna ile kwetu haukatwi bila wazee kuulizwa, na huu umevushwa bahari ili ukae juu ya bahari nyingine. Hata hivyo watoto waliokuwa wakiuzunguka pengine wasingeuona popote. Hisia hizo mbili sijazipatanisha hadi leo.

Binti yangu alisikiliza yote, akatema mbegu kiganjani, akauliza kama nao wanaupiga mawe kuangusha mabuyu. Nikamwambia kule kuna vioo 3,332.